Wimbo Uliomzika Baba

Gillette, Wyoming
3 Machi 1996

Mdogo wangu Rhoda,

Naanza na habari zangu: mimi ni mzima, mgongo ndio unaobisha. Tunalaza bomba la gesi kwenye ardhi iliyoganda hata sururu inaruka kama imegonga reli, na upepo wa huku hauna adabu. Anayetupikia ni mtu wa Nebraska, anatia sukari kwenye mkate wa mahindi. Nimemwambia mbele ya watu kwamba kwetu Kentucky mtu wa namna hiyo hutengwa na ukoo wake. Akacheka. Sikuwa namtania.

Shangazi Delphie nilimpigia Jumapili kwa simu ya dukani. Anasema Baba ameshapanda vitunguu, mapema mno kama kawaida yake, na yule mbwa jike amezaa chini ya ngazi za baraza, kwa hiyo Baba anapita mlango wa nyuma ili asimsumbue. Kifua chake ni kilekile. Akipanda kwenda zizini husimama njiani, na ukimuuliza atakwambia anatazama milima. Milima yenyewe ameitazama miaka sitini na mitano.

Sasa nije kwenye jambo lililonitafutisha kalamu. Nimekusikia redioni. Tulikuwa kwenye lori tunarudi kambini, tumebanana, buti zote tope, ukapigwa "Paa Limeshuka". Nilikujua kabla hujamaliza neno la kwanza, maana una ile sauti ya Mama ya kupitisha wimbo puani kidogo. Nikasema, "Nyamazeni, huyo ni dada yangu." Merle, mtu wa Oklahoma, akasema, "Na mimi rais ni mjomba wangu." Lakini alinyamaza. Lile gitaa la umeme linanguruma chini kama mashine ya mgodini, fidla inalia juu yake, na wewe upo katikati, hupigi kelele. Ulipomaliza hakuna aliyetania. Nilijiona nimeongezeka urefu.

Kisha mtangazaji akasema: "Huyo ni Rhoda Slone, binti wa mchimba makaa ya mawe aliyeuawa na paa la mgodi binti huyu akiwa na miaka tisa. Anaimba alichokiona."

Merle akavua kofia. Akanishika bega, akasema, "Pole, ndugu yangu. Mbona hukutuambia?"

Ningejibu nini, Rhoda? Nikavua kofia na mimi, nikafika nayo kambini mkononi kama mfiwa. Jioni wakanisogeza mbele kwenye foleni ya chakula, wakaniongezea nyama, kwa sababu ya msiba ambao haupo. Nimekula nyama ya matanga ya mtu anayepalilia vitunguu.

Nani amewaambia watu hawa? Waambie warekebishe upesi, kabla maneno hayajafika nyumbani. Baba hasomi magazeti, lakini kule kwetu wa kumsomea hawakosekani.

Kaka yako,
Verlon


Lawrence, Kansas
11 Aprili 1996

Kaka Verlon,

Barua yako imenikimbiza miji mitatu na imenikuta hapa kwa mwenye ukumbi, ikiwa na doa la kahawa na alama ya kiatu. Nashukuru kusikia u mzima. Huo mgongo uchue kwa mafuta ya kafuri, kama Mama alivyokuwa akimchua Baba. Mimi sijambo. Tunaishi ndani ya gari, mimi na wanaume wanne na vyombo vyetu. Mpiga ngoma hapendi kufua soksi, na mpiga fidla ana mke anayempigia simu kila tunapotia mafuta.

Jana ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Kaka, miaka kumi nimeimba mbele ya watu waliokuwa wanatazama mpira kwenye televisheni iliyo nyuma ya kichwa changu. Unamkumbuka yule mlevi wa baa ya mjini Hazard aliyenirushia mfupa wa kuku, akataka niimbe kitu cha kuchangamsha? Jana walikuwa wanajua maneno yangu. Nikitoa mstari wanaufuata, kama Baba anavyoanzisha wimbo kanisani na watu wote wakampokea. Watu wa muziki wa kantri wananiona nina kelele, watu wa roki wananiona nina fidla, ila hawa wa jana hawakujali mimi ni wa wapi.

Kuhusu redio: wimbo unasema "mimi" na "baba yangu", na watu wa mjini wakisikia hivyo wanadhani ni kiapo cha mahakamani. Pale kampuni ya muziki yuko bwana mmoja, Prescott, kazi yake ni kuandikia magazeti habari zetu. Ndiye aliyeandika hayo. Nitaongea naye. Wewe usilikuze jambo. Kumwambia mtu wa kampuni afute neno si sawa na kumwambia mpishi wako apunguze sukari.

Msalimie Shangazi. Baba usimwambie kitu.

Rhoda


Gillette, Wyoming
19 Mei 1996

Rhoda,

Mimi mzima. Theluji imekwisha, sasa tunazama kwenye tope. Shangazi anasema watoto wa mbwa wamegawiwa wote isipokuwa mmoja mwenye jicho bovu. Huyo Baba amembakiza, akampa jina la yule daktari wa kampuni ya makaa aliyetazama picha ya mapafu yake akaandika kwamba hayana tatizo. Anasimama barazani anamwita kwa jina hilo kwa sauti, majirani wasikie.

Hayo ni mazuri. Sasa haya mengine.

Merle alikwenda mjini akaniletea gazeti la muziki, amelikunja vizuri kama mtu anayemletea mfiwa rambirambi. "Nimeona upo ukurasa mzima wa dada yako," akasema. Nikafungua. Upo kwenye makaburi yetu kule kilimani, umevaa nguo nyeusi ambayo sijawahi kuiona, umepiga magoti kwenye jiwe la Mama.

Jiwe lile nalijua. Mimi ndiye niliyesaidia kulipandisha. Mama alipokufa, Baba alichonga na jina lake mwenyewe ubavuni mwa la Mama, kama wanaume wote wa kwetu wanavyofanya, ili siku yake ikifika sisi watoto tusihangaike. Kushoto OVA, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Kulia ESTILL, mwaka aliozaliwa, kistari, halafu jiwe tupu. Pale patupu panamngoja. Baba hupapangusa kila mwaka kwa leso na kusema, "Bado."

Kwenye picha jina la Baba linasomeka. Mwaka aliozaliwa unasomeka. Na pale patupu pamelala kiganja chako. Umefunika kabisa, Rhoda, vidole vyote vitano. Aliyetazama picha hiyo hawezi kujua kwamba chini ya mkono huo hakuna kitu.

Ulisema Prescott ndiye aliyeandika. Haya, Prescott ana kalamu. Mkono ule ni wa nani? Alikushika akauweka pale? Na mlipanda kilimani lini? Kwenye makaburi yetu hufiki bila kupita mbele ya baraza la Baba. Mlipita na mpiga picha, ukamwambia yule mzee aliyekaa pale ni nani?

Nijibu hayo. Habari za soksi za mpiga ngoma sizihitaji.

Verlon


Columbus, Ohio
2 Juni 1996

Kaka Verlon,

Salamu. Natumaini tope limepungua.

Mkono ni wangu. Hakuna aliyeushika. Mpiga picha alisema, "Weka mkono popote roho yako inapotaka," nami nikauweka pale. Tulipita njia ya nyuma, ya bonde la wale majirani wa juu, asubuhi ambayo najua Baba huwa kanisani. Umeridhika?

Sasa na wewe nisikilize, maana umeniuliza kama polisi.

Santuri yangu ya kwanza ilikuwa na wimbo wa Mama. Mwanamke anakufa kitandani kwa ugonjwa wa kike usiotajwa mbele za watu, na binti wa miaka tisa anapasha maji moto jikoni. Hakuna aliyeutaka. Ya pili ilikuwa na wimbo wa Baba, Baba huyuhuyu aliye hai, anakohoa juu ya sahani ya mayai, anavaa tai kwenda kumwona daktari aliyekwisha kuamua kabla hajaingia. Nikampigia wimbo huo mkubwa mmoja wa kampuni ofisini kwake, mimi na gitaa tu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huzuni ipo, lakini haina mwisho. Huyu mtu anakohoa tu."

Nikarudi kwenye gari nikaandika "Paa Limeshuka". Unaikumbuka ile siku paa liliposhuka kweli, tukangoja na Shangazi mlangoni mwa mgodi hadi kukapambazuka? Baba alitoka, amefunga mkono kwa shati, vidole viwili vimebaki ndani. Katika wimbo sikumtoa. Basi. Hiyo ndiyo tofauti yote. Nilimwacha ndani, na dunia ikanifungulia mlango.

Prescott aliniuliza, "Baba yako alikufa ukiwa na umri gani?" Nilifungua mdomo nimsahihishe. Alikuwa ameinua kalamu, ananingoja. Miaka kumi hakuna mtu aliyewahi kungoja nitakachosema. Nikasema, "Nilikuwa na miaka tisa." Na ni kweli nilikuwa na miaka tisa, Verlon, siku ileile jiwe lile lilipopandishwa.

Wako vijana huku, wazazi wao mawakili. Wananunua buti zilizochakazwa dukani, wanaimba habari za viwanda ambavyo hawajavipita hata kwa gari, na hakuna anayewauliza maiti yao iko wapi. Mimi wa Knott, kwenye migodi yenyewe, ndiye ninayetakiwa kuja na jeneza. Kampuni ya makaa iliandika Baba ni mzima ili isimjali. Kampuni ya muziki imeandika amekufa ili watu wanijali. Nani kati yao aliyewahi kumtazama usoni?

Nikisema leo kwamba yu hai, kesho mimi ni mwongo, na vuli hii nimepangiwa kuzunguka na bendi kubwa, kumbi za watu elfu tatu. Nina miaka ishirini na tisa. Mlango huu ukifungwa haufunguliwi tena.

Na wewe mtetezi wa Baba kutoka Wyoming: mara ya mwisho kukanyaga baraza lake ilikuwa lini?

Rhoda


Gillette, Wyoming
9 Juni 1996

Rhoda,

Jibu lako bado halijanifikia, nami siwezi kulingoja. Nimezungumza na Shangazi. Kila mtu wa nyumbani ni mzima wa mwili. Soma hadi mwisho kabla hujakasirika.

Unajua Jumapili ya kupamba makaburi ilikuwa wiki iliyopita. Jumamosi yake Baba alipanda kilimani mapema na jembe lake kusafisha, ili watu wakifika na vyakula vyao wakute pamependeza. Shangazi alikuwa karibu na ua anang'oa magugu. Ikaja gari ya namba za Ohio. Wakashuka kijana mwenye miwani na msichana mwenye nywele alizozipaka rangi nyekundu, wamebeba shada la maua ya plastiki.

"Shikamoo, mzee. Tunatafuta kaburi la Estill Slone."

Baba akaegemea jembe. "Estill Slone? Ni hili hapa."

Wakaweka maua upande wake. Msichana akalia. Kumbuka, Rhoda, ni upande wake, na pale patupu pakiwa mbele ya macho yao. Shangazi anasema hawakuona. Waliona walichojia.

Baba akawauliza, "Mlikuwa mnamjua?"

"Hapana, mzee. Tunampenda binti yake. Anaimba habari zake."

"Anasema alikufaje?"

Kijana akasimulia. Paa, giza, kelele za mbao, binti anangoja mlangoni. Baba alisikiliza, amewaelekezea lile sikio lake linalosikia vizuri.

"Aliteseka?"

"Wimbo unasema hapana. Unasema alikwenda mara moja, na jina la binti yake mdomoni."

"Afadhali," Baba akasema. Kikohozi kikamjia, akageuka pembeni mpaka kikapita.

Shangazi alikuwa ameshasimama na magugu mkononi, anataka kusema. Baba akamtazama tu. Akawachukua wale vijana mpaka nyumbani, akawalisha maharage na mkate wa mahindi na vitunguu vyake vibichi. Walipouliza jina lake akawaambia, "Mimi ndiye ninayetunza makaburi."

Walipoondoka akarudi kilimani. Akachukua lile shada upande wake, akalihamishia kwa Mama. Akamwambia Shangazi, "Huyu ndiye aliyekufa."

Basi ndiyo hayo. Mimi nimechimba leo mpaka msimamizi akaniambia nipumzike, nikamwambia siwezi. Mtu mzima ameulizia kifo chake kwa wageni na akasema afadhali. Ungemwona mtu wa kampuni ya makaa anamfanyia hivyo ungemwandikia wimbo wa kumchoma.

Verlon


Knott, Kentucky
28 Julai 1996

Kaka Verlon,

Nimekaa wiki nyingi bila kuandika. Nakuandikia jikoni, kwenye meza ya Mama. Baba yuko nje na yule mbwa daktari. Nyanya zimekubali mwaka huu. Shangazi anakusalimu, anasema upunguze hasira na uongeze mboga.

Barua zetu zilipishana njiani. Kabla yako haijanifika, nilikuwa nimeshajua. Wiki ileile niliyokuandikia kutoka Columbus, baada ya onyesho, wakanijia kijana mwenye miwani na msichana mwenye nywele nyekundu. Wakaniambia wametoka kwenye kaburi. "Mzee mmoja alituonyesha," msichana akasema. "Mkono wa kushoto hana vidole viwili. Alitulisha. Aliuliza kama baba yako aliteseka. Ukimwona mwambie asante."

Nikasema, "Namjua. Nitamwambia."

Niliimba kesho yake, na keshokutwa. Kila nikifika beti ya tatu, pale anapotaja jina langu, neno halitoki. Watu walidhani ni huzuni, wakapiga makofi zaidi. Ndipo nikaona kwamba hata nikinyamaza watanipigia makofi. Nikamwambia Prescott naumwa, nikapanda basi.

Baba alikuwa barazani. Hakusimama. Akasema, "Umekonda. Kula kwanza." Nikala. Akanipa jembe, akachukua jingine, tukapanda kilimani. Alisimama njiani, mara nyingi kuliko unavyoambiwa. Mimi sikumuuliza, naye hakunisingizia milima.

Kwenye jiwe akakaa chini. "Haya," akasema. "Niimbie huo wimbo niliokufa."

"Baba, gitaa nimeliacha."

"Hapa makaburini gitaa haliji, kama kanisani kwetu, wajua. Imba kwa mdomo."

Nikaimba, nimesimama mbele yake na jembe mkononi, mstari kwa mstari. Hakupokea hata mmoja. Nilipofika beti ya tatu aliinamisha kichwa. Nikamaliza. Ndege tu.

Akang'oa gugu lililoota mguuni mwa jiwe. Kisha akasema, "Umenizika vizuri, Rhoda. Wengine hawatazikwa hivyo." Akainuka kwa kushika bega langu. "Sasa nifukue."

Akatangulia kushuka, jembe begani.

Nimempigia Prescott, nikamwambia ukweli. Amesema ningoje mpaka mzunguko wa vuli uishe. Amesema watu watajiona wameibiwa machozi. Amesema pia, na hili sikulitegemea, "Hakuna haraka, si mzee mwenyewe hajalalamika?" Niliikata simu ile nikaenda nje kupalilia nyanya.

Mwezi wa tisa, tarehe kumi na nne, naimba Louisville kwenye redio, moja kwa moja, majimbo mengi yatasikia. Wameshasema wimbo wanaoutaka ni upi. Sijui nitafanya nini, Verlon. Siandiki hivi ili unishauri.

Lile swali langu hukulijibu.

Rhoda


Gillette, Wyoming
17 Novemba 1996

Mdogo wangu Rhoda,

Theluji imerudi. Merle ameumia goti lakini anatembea. Mpishi wa Nebraska ameacha sukari, baada ya mimi kumpikia mkate wenyewe mbele yake. Shangazi anasema Baba amelala siku mbili kwa kifua, kisha akaamka akadai mayai.

Ile tarehe kumi na nne tulikuwa wote kwenye trela yetu, redio juu ya meza ya karata. Niliwaambia nanyamazisha mtu atakayekohoa. Wimbo ukaanza. Ukafika beti ya tatu, ukasimama. Gitaa likasimama, fidla ikachelewa kidogo, nayo ikanyamaza. Nikasema moyoni, neno limekataa kutoka tena.

Halafu ukaongea kwa sauti yako ya jikoni. "Beti hii siimbi. Baba yangu hakufa. Jina lake Estill Slone, anaishi Knott, amepanda vitunguu. Aliyekufa ni mama yangu, anaitwa Ova. Baba alitoka mgodini akiwa hai, na mapafu aliyotoka nayo hakuna daktari wa kampuni anayetaka kuyaona. Nimeweka mkono wangu kwenye jiwe lake nikawadanganya. Mkono ni wangu." Na mtangazaji, maskini, akaanza kucheka, akaleta tangazo la matairi.

Trela nzima wakanigeukia. Merle akasema, "Kwa hiyo ile nyama tuliyokuwa tunakuongezea?"

"Nilikula."

"Miezi sita nakuheshimu wewe."

"Endelea tu, mimi sina kizuizi."

Akanitupia kofia. Lakini hasira yake si kwako. Hasira yake ni kwa wale walioandika wiki iliyofuata kwamba umewahadaa, umewachezea, hufai. Ni watu walewale. Wangekuuliza swali moja tu la kweli tangu Machi, wangejua. Ua lile la makaburi halina kufuli. Jiwe liko wazi, na mahali pa mwaka wa kufa pako wazi. Hakuna hata mmoja wao aliyepanda kutazama, na leo wao ndio waliodhulumiwa. Mzunguko wa bendi kubwa wamempa yule kijana wa buti za dukani. Ningekuwa karibu, ningemfundisha zinavyochakaa.

Shangazi ameniambia walivyokuja nyumbani na kamera mwezi uliopita. Sasa wanamtaka Baba aliye hai. Wakamwomba asimame ubavuni mwa jiwe, aweke kidole pale patupu, ingependeza sana. Baba akawauliza, "Nilipokuwa maiti mlinipiga picha?" Wakasema ndiyo. "Basi tumieni hiyo." Akamwita yule mbwa daktari aje awabwekee. Daktari hakuwaona.

Sasa kaseti yako. Imefika Ijumaa, imefungwa kwenye soksi ya mtu, nadhani najua ni ya nani. Unasema umerekodi jikoni, wewe na gitaa la zamani la mjomba wetu, na mpiga fidla aliyekuja kwa gharama zake mwenyewe pamoja na mkewe. Unasema hujui nani ataitoa, labda hakuna, labda utaiuza nyuma ya gari kama zamani. Unasema wimbo ni uleule wa mayai na tai, ule waliosema hauna mwisho. Hukusema unajisikiaje, nami sikuulizi.

Nilingoja wenzangu walale nikaona si haki. Nikaiweka Jumapili mchana, wote wapo. Ukaimba. Fidla ikakaa chini yako kama mtu aliyeketi kwenye ngazi. Beti ya pili ikaisha, na kabla hujaingia ya tatu kikasikika kikohozi. Kirefu, kinakwenda ndani kinatafuta, kinarudi mikono mitupu, kinaanza tena. Wewe ukakingoja. Gitaa lako likawa linapiga polepole, linakingoja. Kilipokwisha ndipo ukaingia.

Yupo fundi mmoja wa mitambo hapa, mgeni, hajui habari zetu. Akasema, "Wimbo mzuri, ila hicho kikohozi wangekiondoa."

Merle akamwambia, "Ukikigusa nakuvunja mkono."

"Kwani nani anayekohoa?"

Nikarudisha kaseti nyuma kidogo ili asikie mwenyewe. Kikaanza tena, kilekile. Na safari hii nikasikia ambacho mwanzo sikukisikia: mwisho kabisa, akishapumua, anasema chini chini, "Endelea."

Nikamwambia, "Ni Baba."

Kuhusu lile swali lako la Juni, nimeshaongea na msimamizi. Nitalijibu kwa miguu. Mwambie Baba asiufunge mlango wa mbele.

Kaka yako,
Verlon